Ukipotea njia katikati ya miti ya misaiprasi, tazama nyasi za chini ya maji

Kwa wanaopanga kwenda kupiga kafi kwenye kijito cha Fisheating Creek, Florida: njia ikigawanyika katikati ya miti, weka kafi mapajani, acha kayaki (mtumbwi mdogo mwembamba) itulie, kisha chungulia majani yaliyoota chini ya maji. Ncha zake zimelalia upande ambao maji yanakwenda. Kijito hiki huingia Ziwa Okeechobee, kwa hiyo zikielekea mbele yako unateremka, zikikuelekea wewe unapanda. Mkono wa kijito ambao nyasi zake zimesimama wima, achana nao; mara nyingi ni kidimbwi kisichotoka popote.

Mimi kabla ya kujua hili nilikuwa nafuata majani makavu yanayoelea, nikapoteza karibu saa nzima. Yale husukumwa na upepo, hata kinyume cha mkondo. Nyasi zina mizizi, upepo hauzifikii. Maji ni meusi kama chai ya rangi, hivyo chungulia pale penye kina kifupi, jua likiwa mgongoni, la sivyo utaona kivuli cha miti tu.

Haisaidii nyakati mbili. Msimu wa ukame, maji yakisimama, nyasi hazionyeshi kitu. Na mvua zikijaza kijito hadi maji yakaenea msituni, mkondo unapita kila mahali kati ya miti, nyasi zote zimelala na bado hujui njia. Siku hiyo tegemea GPS, au ahirisha safari. Na usichovye mkono kupapasa, aligeta, jamaa wa mamba, wamo.