Kabla Hujabandika Tangazo: Namna Ninavyoandaa Programu za Maktaba Yetu

Programu yangu ya kwanza maktabani walikuja watu wanne, na mmoja wao alikuwa anakimbia mvua. Nilikuwa nimestaafu ualimu miezi mitatu tu, nina hamu kama bibi harusi, nikaandika tangazo kwa mwandiko wangu wa ubaoni: "Warsha ya Umuhimu wa Kusoma, Ijumaa saa saba mchana." Mkutubi alilisoma, akanitazama, akanyamaza kwa heshima. Mji wa pwani, Ijumaa, saa saba! Wenye kuswali wako msikitini, wasioswali wanakula. Na huyo aliyebaki, kwa nini aache kivuli chake aje kuambiwa kwamba kusoma ni muhimu? Hilo analijua.

Tangu siku hiyo naanzia kaunta. Ukitaka kuendesha programu kwenye maktaba ya kwenu, omba ruhusa ukae karibu na meza ya mkutubi siku tatu nne, na daftari mkononi, uandike watu wanaulizia nini. Usiwaulize wanataka warsha gani, watakutajia makubwa ili wakufurahishe. Sikiliza tu. Mimi niliandika mama anayetafuta kitabu cha kuku, vijana waliomaliza kidato cha sita wanaouliza kama kompyuta ina intaneti, na watoto, wengi mno, wanaorudisha kitabu cha hadithi huku wananuna: "Bibi, hiki kurasa za mwisho zimetoka." Ratiba yetu ya kuanzia Juni hadi Septemba imetoka kwenye daftari hilo.

Ukishajua watu wanauliza nini, nenda rafuni kabla ya kumtafuta mwezeshaji. Ufugaji wa kuku uko 636.5, ushonaji 646, mapishi 641, na hadithi na mashairi ya Kiswahili 896.392, kwa maktaba zinazofuata namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada, kama yetu. Kama rafu ina vitabu viwili tu vya mambo unayotaka kufundisha, na vyote kwa Kiingereza, fikiria upya. Nia ni kwamba mtu akitoka ukumbini akute meza mlangoni, vitabu vimelala uso juu, na mkutubi amekaa na fomu za uanachama. Siku ya kuku tuliweka meza hiyo nyuma ya ukumbi, na watu wakatokea mbele. Kitabu hata kimoja hakikuazimwa. Ilikuwa kosa langu, sikuwa nimetazama mlango.

Kuhusu kuku, hapa kuna siri ndogo. Afisa mifugo wa kata huja kueleza kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, na chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo ukiifanya Juni, tangaza palepale kwamba Septemba mnakutana tena. Watu wanarudi kwa sababu kuku wao wanawarudisha, na wewe hujahangaika kuwabembeleza.

Tarehe chagua zile ambazo tayari zina miguu. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, na huku kwetu huangukia likizo. Siku hiyo ni ya watoto. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Wazee wa kwetu wanaijua zamani kama Saba Saba, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, kwa hiyo usije ukawaeleza wao. Waombe wakueleze wewe. Mwaka huu nawaweka wazee na watoto ukumbi mmoja wategeane vitendawili. Mzee akisema "Kitendawili!" na watoto thelathini wakajibu "Tega!", huhitaji kipaza sauti. Na sharti langu ni moja: atakayeshindwa hapewi jibu mpaka atoe mji, hata akiwa mwenyekiti wa mtaa.

Programu ya mikopo ya wanafunzi ina presha kuliko zote. Iweke mapema. Kijana anayekuja dirisha la maombi likiwa karibu kufungwa, na cheti chake cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, humsaidii hata ukiwa na kompyuta kumi. Kwa hiyo kipindi cha kwanza hatugusi kompyuta kabisa, tunapanga karatasi tu: cheti, uhakiki, picha, taarifa za mdhamini. Jina lisomeke sawa kila mahali. Nimeshaona "Mwanahamisi" na "Mwana Hamisi" zikimtoa mtu machozi. Kipindi cha pili ndipo tunajaza. Msaidizi asiandike nenosiri la mtu kwenye daftari lake, hata kama mwenyewe anaomba atunziwe. Aliandike mwenyewe, aondoke nalo.

Barua ya kuomba ukumbi iwe fupi: siku, saa, idadi ya watu, viti, kama unahitaji umeme, na nani atafagia baadaye. Hilo la kufagia ndilo linalokupa ukumbi mara ya pili.

Matangazo je? Karatasi ukutani husomwa na walioingia tayari. Wengine wako nje, nami huwafuata huko: kijiwe cha kahawa, kwa muuza genge, kituo cha bodaboda. Msikitini na kanisani peleka sentensi mbili tu zilizoandikwa, maana ukimpa msomaji ukurasa mzima atafupisha yeye, na atakachokata ni saa. Andika "saa tatu asubuhi", usiandike 9:00. Mjini kwetu kuna waliokuja usiku.

Sasa nije kwenye ile ninayoipenda, karakana ya kutibu vitabu, Jumamosi kuanzia saa tatu. Watoto kumi na wawili wanatosha. Wakizidi, gundi inaishia kwenye nywele.

Gundi pika mwenyewe. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji. Unga uvuruge kwanza kwa kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina kwenye maji mengine yaliyochemka, moto mdogo, koroga bila kuacha. Ikishaanza kung'aa na kuvuta kama uji mzito, epua. Ikipoa ichuje kwa kitambaa cha tui, kile kikuukuu, siyo kile cha jikoni. Pika ya siku hiyo tu. Ikilala huchacha, na mende wa pwani huipenda kuliko sisi tunavyopenda maandazi.

Ukurasa uliochanika usiugusishe selotepu. Kwa muda inapendeza, halafu hugeuka njano, gundi yake hutapakaa, na ukiibandua inaondoka na maneno. Chukua ile karatasi nyepesi inayofungiwa viatu vipya ndani ya boksi. Ichane kwa mkono ipate ukanda mwembamba. Ukiikata kwa mkasi inaacha mstari, ila iliyochanwa huwa na nyuzinyuzi zinazoshika. Paka gundi kidogo sana kwa kidole, laza ukanda juu ya mpasuko, bonyeza. Chini na juu ya ukurasa weka nailoni ya kufunikia madaftari, ili kurasa zisiungane.

Kitabu chembamba kilichoachia pini shona kwa matundu matatu. Uzi na sindano nenda kwa fundi viatu, yeye ndiye mwenye uzi imara na nta ya kuupaka. Anza ndani, tundu la katikati, toka nje, ukiacha mkia wa uzi ndani. Ingia kwa tundu la juu. Ukiwa ndani, ruka la katikati, shuka mpaka la chini, toka nje. Rudi uingie tena katikati. Sasa una ncha mbili ndani. Zifunge pamoja juu ya ule uzi mrefu ulioupita katikati, zikiwa upande huu na upande huu wake. Zikiwa upande mmoja fundo halishiki, na utashona upya huku watoto wanakuhesabia.

Mwisho panga vitabu chini ya matofali yaliyofungwa magazeti, uviache mpaka Jumatatu. Hewa yetu ina unyevu, usivirudishe rafuni kabla havijakauka, vitaota ukungu na kuwaambukiza majirani. Jumatatu fungua kila kitabu ukurasa kwa ukurasa. Ukikuta mbili zimeshikana, pitisha rula taratibu kuanzia pembeni, na umwite mtoto aliyeubandika aje aipitishe mwenyewe.