SOMO: Kuchagua mtindo wa sakafu ya mbao ngumu kabla hujamwita fundi

Habari zenu wakuu. Wengi mnaanza na rangi, mi naomba muanze na upana wa ubao, maana mbao masika inavimba na kiangazi inasinyaa, na ubao mpana unacheza kuliko mwembamba. Kuna nyumba Kigamboni tuliweka mbao za upana wa inchi sita, mwenye nyumba alizipenda na mi sikumkatalia, hazijakauka vizuri na ilikuwa masika, kufika Septemba sarafu ya mia mbili inazama kwenye nyufa ikiwa wima. Iliniuma sana, tukang'oa tukaanza upya.

Hatua ya 1: upana na mpango. Kwa sisi wa Pwani chukua inchi tatu, zikizidi sana nne. Mbao ndefu za kunyooka zielekeze kwenye dirisha kubwa, maungio hayaonekani sana na chumba kinaonekana kirefu. Mtindo wa mgongo wa samaki (mbao fupi zinakutana kwa pembe kama miiba ya samaki) ni mzuri mno sebuleni ila unakula mbao, ongeza asilimia 15 badala ya 10, yani sebule ya mita 5 kwa 4 nunua mita za mraba 23.

Hatua ya 2: mti. Mninga una wekundu fulani hivi na ukikauka umetulia, kwangu ndo namba moja. Mkongo ni mzito na mgumu, weka koridoni watu wanakopita sana. Mtiki wa mashamba ya miti ya Longuza au Mtibwa ni mzuri pia, ila kataa ubao wenye weupe mwingi pembeni, hapo mchwa hawaulizi mara mbili.

Hatua ya 3: pima unyevu wa zege la sakafu. Bandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote, kesho yake ukikuta matone kwa ndani, subiri. Mbao nazo zilale humo chumbani wiki mbili zizoee.

Hatua ya 4: vanishi. Ya kung'aa inaonyesha kila mkwaruzo, mwenye watoto achukue isiyong'aa.

MASWALI

Mkuu mbona umeruka jikoni?
– Jikoni weka tailizi ndugu yangu, bomba likivuja usiku mmoja tu umeumia.

Fundi wangu anasema mbao ziguse ukuta kabisa ndo inapendeza, ni kweli?
– Hapana kaka, mwambie aache kama milimita 10 kuzunguka chumba chote, skatingi (ule ubao wa chini ya ukuta) itaficha. Zikikosa pa kwenda zinanyanyuka katikati.

Asante kwa somo. Dada wa kazi anapiga deki na ndoo ya maji kila asubuhi, itadumu kweli?
– Dada, maji ya kumwaga hapana. Afagie mchanga kwanza, mchanga ndo unaokwangua vanishi, halafu apitishe kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi tone.