SOMO: Wapimaji wawili, shingo moja, majibu yafanane

Naandika mara moja, maana swali la "mbona mimi na mwenzangu tumempima mgonjwa yuleyule tukapata tofauti?" nimelijibu mpaka nimechoka.

1. Anza na dalili za hatari: ajali, homa, kukonda bila sababu, miguu kulegea, kushindwa kuzuia mkojo. Ukikuta hata moja, habari ya kulinganisha iishie hapo, mgonjwa apate rufaa.

2. Kiti kilekile, nyayo sakafuni, mabega yameachiwa.

3. Mzunguko wa shingo, yaani inageuka nyuzi ngapi kushoto na kulia, upimwe kwa kifaa, si kwa jicho.

4. Kubalianeni "ndiyo" maana yake nini, KABLA hamjamgusa mtu. Hapa ndipo nilipoharibu. Tulikuwa tunafanya kipimo cha Spurling, cha kuangalia kama neva imebanwa shingoni: kichwa kinalazwa upande unaouma, unakandamiza taratibu kuelekea chini. Mgonjwa akisema "aah, shingo", mwenzangu anaandika ndiyo. Mimi nasubiri maumivu yateremke mkononi, yasiposhuka naandika hapana. Wiki nzima tunalaumiana mikono, kumbe mikono haina kosa, tulikuwa tunapima vitu viwili. Andikeni sentensi moja: "Ndiyo ni pale maumivu ya mkono anayoyalalamikia yanapotokea au kuzidi." Ibandikeni ukutani. Na yakishatokea, acha kukandamiza! Usiongeze nguvu ili kuhakikisha, utamchokoza mgonjwa, na mpimaji wa pili atakuta shingo nyingine kabisa.

5. Mpimaji wa pili asisikie wala asione majibu ya wa kwanza. Mpeane zamu ya kuanza, mgonjwa apumzike katikati.

MASWALI

Mjumbe A: Spurling nikandamize mpaka lini?
— Hatua ya 4. Isome.

Mjumbe A: Nimesoma ila haraka haraka.
— Basi isome polepole.

Mjumbe B: Mkuu, sisi tumekubaliana kwa wagonjwa 32 kati ya 40. Asilimia 80 si inatosha?
— Swali zuri. Nipe mchanganuo.

Mjumbe B: Wote ndiyo 30, wote hapana 2. Waliobaki 8 tumetofautiana, kila mmoja kasema ndiyo peke yake mara 4.
— Angalia sasa. Kila mmoja wenu amesema ndiyo mara 34 kati ya 40. Watu wanaosema ndiyo kiasi hicho, hata wakiwa wamefumba macho, watakubaliana kwa bahati tu karibu asilimia 74.5. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano ambacho 1 ni kukubaliana kabisa, inaondoa hiyo bahati: (0.80 − 0.745) ÷ (1 − 0.745), unapata kama 0.22. Ni ndogo. Ila usikate tamaa, wagonjwa wenu karibu wote ni wa aina moja, na hali hiyo huishusha kapa. Ongezeni wasio na maumivu ya mkono. Kwa nyuzi za mzunguko usitumie kapa, hiyo ni ya ndiyo na hapana.

Mjumbe C: Kwa hiyo mkikubaliana ndio mko sahihi?
— Hapana dada, mnaweza kukosea pamoja vizuri kabisa. Kupatia ni suala jingine, ila msipokubaliana hamuwezi hata kulifikia.

Mjumbe D: Kwenye kupapasa pingili sisi hatuelewani kabisa.
— Hapo wengi hukwama, mara nyingi mnahesabu pingili tofauti. Weka vidole juu ya zile mbili zilizochomoza chini ya shingo, mwambie atazame juu. Ya sita huteleza mbele, ya saba hubaki. Itie alama ya kalamu.

Mjumbe D: Ahsante! Leo tumejaribu, tumepatana wagonjwa wote.
— Alama mliifuta kabla ya wa pili kuingia?

Mjumbe D: ...Hapana.