Namna ya Kuwapokea Wasanidi wa Nje katika Mradi wa Programu Huria

Mradi unaweza kuwa na leseni huria na bado ukawa umefungwa. Leseni kama GPL, MIT au Apache humpa mtu haki ya kuusoma msimbo (maandishi ya programu yenyewe), kuubadili na kuusambaza, lakini haimwambii aanzie wapi, amwulize nani, wala kama mchango wake unahitajika. Mwongozo huu unawalenga wasimamizi wa miradi ambayo hadi sasa imeendeshwa na watu wachache wanaofahamiana, pengine waajiriwa wa taasisi moja, na ambao sasa wangependa wasanidi wasiowajua washiriki. Miradi mingi huwapoteza watu hao katika kipindi kimoja tu: tangu mtu anapoamua kusaidia hadi anapoona mabadiliko yake ya kwanza yamekubaliwa. Kwa hiyo kila hatua ipimwe kwa kuuliza kama inakifupisha kipindi hicho.

Jambo la kwanza ni kuyahamisha mazungumzo ya kiufundi kutoka faraghani. Maamuzi yakifanyika kwenye vikao vya ndani, mtu wa nje huona matokeo bila sababu, na hawezi kujenga hoja juu ya jambo ambalo hakulisikia. Katika miradi ya Apache Software Foundation, shirika la programu huria lililoanzishwa mwaka 1999, wasanidi wamezoea kuambiana kwamba jambo ambalo halikufika kwenye orodha ya barua pepe ya mradi halikutokea. Si lazima muache kukutana. Inatosha kwamba baada ya kikao, hoja zilizotolewa na uamuzi uliopendekezwa viandikwe mahali pa wazi, na watu wapewe muda wa kupinga kabla kazi haijaanza.

Pili, mtafuteni mtu ambaye hajawahi kuijenga programu yenu, mpeni kompyuta isiyo na kitu chochote cha mradi, kisha mwangalieni akifuata maelekezo yenu bila ninyi kumsaidia hata kwa neno moja. Kila anapokwama pana kasoro ya maelekezo, wala si ya mtu huyo. Zoezi hili huwa chungu kwa wenyeji, kwa sababu hufichua mambo ambayo kila mmoja alidhani yameandikwa: toleo la maktaba linalohitajika, faili la mipangilio ambalo wenyeji walilitengeneza zamani wakalisahau, au jaribio linalofeli kila siku na ambalo wote wamezoea kulipuuza. Chunguzeni hasa majaribio ya kiotomatiki. Mara nyingi huwa yanategemea seva ya ndani au nywila ambazo mtu wa nje hana, hivyo kazi yake hukataliwa na mashine kwa sababu asizoweza kuziona wala kuzirekebisha. Majaribio ya msingi yanapaswa kuendeshwa kwa amri moja, kwenye kompyuta yoyote, na kutoa jibu lile lile analolipata mwenyeji.

Yale mtakayojifunza yaandikwe kwenye faili la CONTRIBUTING, ambalo GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, humwonyesha mtu kiungo chake anapofungua ripoti ya hitilafu au ombi la kuunganisha msimbo. Liwe fupi, na lisisahau kutaja michango ambayo mradi hauipokei, kwani maelezo hayo huwaokoa watu na kazi ya bure. Kanuni za mwenendo nazo zinahitajika. Wengi hutumia Contributor Covenant, matini ya kanuni iliyo tayari kutumika, iliyotoka mwaka 2014 na ambayo mradi wa kiini cha Linux (sehemu kuu ya mfumo endeshi huo) uliichukua mwaka 2018 kuwa msingi wa kanuni zake. Hata hivyo, kanuni zisizotaja nani hupokea malalamiko ni pambo tu. Watajwe angalau watu wawili, ili anayemlalamikia mmoja awe na wa pili wa kumwendea.

Upande wa sheria, amueni mapema mchangiaji atathibitishaje kwamba ana haki ya kutoa msimbo huo. Kiini cha Linux kimetumia tangu mwaka 2004 tamko fupi la asili ya msimbo, ambalo mchangiaji hulikubali kwa kuongeza mstari wa Signed-off-by kwenye kila badiliko. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huuongeza mstari huo yenyewe ikipewa alama ya -s. Njia nyingine ni mkataba wa kutiwa saini unaoupa mradi haki juu ya msimbo, ambao kwa mtu aliyeajiriwa unaweza kulazimu mwanasheria wa mwajiri wake ausome kwanza. Kwa maoni yangu, mradi mdogo usio na mpango wa kubadili leseni hauna sababu ya kudai mkataba.

Kazi za kuanzia ziandaliwe kwa makusudi. Kubandika lebo ya kazi ya kuanzia kwenye hitilafu iliyokaa miaka mingi hakuifanyi iwe rahisi. Huenda imekaa kwa sababu inagusa kila sehemu ya programu na wenyeji wameikwepa. Kazi inayofaa inaeleza jinsi ya kuiona hitilafu, faili la kuanzia kutazamwa, dalili kwamba kazi imekamilika, na jina la mtu wa kuulizwa. Isiwe ya dharura, maana mgeni hufanya kazi kwa nafasi zake. Msimamizi naye ajizuie kuimaliza yeye mwenyewe, hata kama ingemchukua dakika chache.

Hapo ndipo mchango wa kwanza unapoingia, na hapo ndipo kasi inapokuwa na uzito kuliko ufasaha. Uchunguzi uliofanywa Mozilla, wanaotengeneza kivinjari cha Firefox, ulionyesha kwamba waliopata mapitio ya mchango wao wa kwanza ndani ya saa 48 walirudi kwa wingi, ilhali waliosubiri zaidi ya siku saba karibu wote hawakuonekana tena. Pangeni zamu, ili kila wiki awepo mtu mmoja mwenye wajibu wa kujibu, hata kama jibu lenyewe ni kutaja siku ambayo mapitio yatafanyika. Katika mapitio, tenganisheni yaliyo ya lazima na yale ambayo ni upendeleo wenu, na suala la nafasi na mabano liachiwe chombo cha kiotomatiki. Msiuandike upya msimbo wa mgeni kimya kimya kisha mkauunganisha kwa jina lenu. Ikiwa mchango haufai, semeni hivyo mapema pamoja na sababu. Ombi linaloachwa wazi miezi kadhaa bila neno linaumiza zaidi kuliko kukataliwa.

Wingi wa michango usiwadanganye. Mwezi Oktoba 2020 tukio la Hacktoberfest, lililokuwa likitoa fulana kwa waliofikisha idadi fulani ya michango, liliwaletea wasimamizi mabadiliko mengi yasiyo na maana, hadi waandaaji wakalazimika kutohesabu mradi wowote ambao haukuomba kushiriki. Hesabuni badala yake waliorudi na mchango wa pili.

Wanaorudi mara kwa mara wapewe madaraka, lakini kwa ngazi. Debian, mfumo endeshi wa programu huria, inatoa mfano mzuri: kazi ya mgeni hupandishwa kwanza kwenye hifadhi ya mradi na mwenyeji anayemdhamini, baadaye mgeni hupata ruhusa ya kupandisha vifurushi vya programu vilivyotajwa tu, na mwishowe anaweza kuwa msanidi kamili. Tahadhari hii ina sababu. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalikuwa na mlango wa siri wa kuingilia kompyuta bila ruhusa, uliowekwa na mtu aliyekuwa amechangia tangu mwaka 2021 na kukabidhiwa usimamizi wakati msimamizi wa awali alikuwa amelemewa na kushinikizwa. Kwa hiyo vigezo vya kila ngazi viwe wazi, badiliko lolote lipitiwe na mtu asiyeliandika, na haki ya kutoa matoleo itenganishwe na haki ya kuunganisha msimbo. Kila mwaka pitieni orodha ya wenye ruhusa. Asiyeonekana kwa muda mrefu aandikiwe, na asipojibu ruhusa yake isitishwe, huku jina lake likibaki kwenye orodha ya waliochangia na akiwa na nafasi ya kuiomba tena.