Kutengeneza urea kwa umeme maabarani

Urea, mbolea ya nitrojeni wanayotia wakulima wa mpunga wa Cheju, Unguja, hutokana na amonia iliyotengenezwa kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, ilhali njia ya umeme hufanya kazi katika joto la kawaida.

Chukua chombo cha vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa utando unaopitisha ioni (chembe zenye chaji ya umeme), tia maji yenye bikaboneti ya potasiamu, unganisha umeme wa jua, kisha pitisha nitrojeni na kaboni dayoksaidi kwenye elektrodi hasi (ncha ya umeme iliyo ndani ya maji) yenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko.

Kazi kubwa ni kupima: urea inayopatikana ni kidogo mno, na uchafu wa nitrati au amonia hudanganya kwa urahisi, kwa hiyo rudia jaribio ukitumia agoni, gesi isiyo na nitrojeni, badala ya nitrojeni, halafu bila umeme, na mwisho thibitisha kwa nitrojeni-15, aina nzito ya nitrojeni inayoonyesha kama urea imetokana kweli na gesi uliyopitisha.