Soma chaji kwanza, namba ya masi baadaye

Vijana wangu wa tuisheni hapa Malindi wakiliona swali hili, mbio wanajumlisha: ayoni (atomu yenye chaji) X²⁻ ina mpangilio wa elektroni 2.8.8, yaani idadi yake katika kila mzingo, na nyutroni 16, tafuta namba yake ya masi. 2+8+8 ni 18, 18 na 16, jibu 34! Namrudishia mtu daftari lake.

Elektroni hazimo katika namba ya masi. Protoni moja ina uzito wa elektroni zipatazo 1,836, kwa hiyo tunahesabu vilivyomo kwenye kiini tu: protoni na nyutroni. Elektroni tunazihitaji ili tuzijue protoni, basi.

Hebu turudi. 2− maana yake atomu imepokea elektroni mbili. Zitoe: 18 toa 2, zabaki 16. Atomu isiyo na chaji ina elektroni sawa na protoni, kwa hivyo protoni ni 16. Ongeza nyutroni 16, namba ya masi 32. Ni salfa.

Kinachowapoteza wengi ni ile alama. Wakiona ya kutoa, wanadhani kuna kilichopungua. Mimi huwalazimisha waandike kando ya ayoni, kwa maneno, "imepokea" au "imepoteza", kabla ya kugusa hesabu. Iliyopokea, ziondoe, iliyopoteza, zirudishe. Mpangilio peke yake hautoshi: S²⁻, Cl⁻, K⁺ na Ca²⁺ zote ni 2.8.8.

Sasa chukua chumvi, hii ya Gongoni tunayotia kwenye mchuzi. Na⁺ ni 2.8. Imepoteza moja, irudishe: protoni 11. Nyutroni 12, jumla 23. Kwa Cl⁻, 18 toa 1 ni 17. Nyutroni je? Swali lisipozitaja, usibuni. Klorini ya asili ina isotopu mbili, yaani atomu zenye protoni sawa ila nyutroni tofauti, moja ya nyutroni 18 na nyingine ya 20, yaani 35 na 37, na elektroni zao zimepangwa vilevile. Anayekuandikia 35.5 kuwa ndiyo namba ya masi, mkatalie. Huo ni wastani wa hizo mbili, na ya 35 ndiyo nyingi, kama robo tatu. Namba ya masi ni hesabu ya vitu vizima, haiji na nukta.

Jaribu hii: X³⁺, mpangilio 2.8, nyutroni 14. Ukipata 24, chaji hukuisoma. Ukipata 21, umeigeuza. Jibu ni 27, alumini, ile ya masufuria.