Kubana mafuta yanayochokoza seli za kinga za ubongo: hatua kwa jiko la Mwanza

Ubongo una seli zake za kinga, mikroglia. Panya waliolishwa mafuta ya maziwa, yenye mafuta mgando (saturated fat) mengi, walipata inflamesheni, yaani mwako wa kinga ya mwili, kwenye haipothalamasi, sehemu inayosimamia njaa na shibe. Waliopewa mafuta ya zeituni hawakuipata. Mikroglia zikichokozwa humwaga saitokini, kemikali zinazochochea inflamesheni, na neva za shibe hupoteza usikivu kwa leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha. Hayo yameonekana kwa panya. Jikoni kinachopimika ni mafuta yenyewe.

Hatua 1: Pima. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta mgando yasizidi asilimia 10 ya nishati, yaani gramu 22 kwa siku kwa anayekula kilokalori 2,000. Watu 5 wakimaliza lita 1 kwa siku 3, kila mmoja anakula gramu 61 hivi za mafuta kwa siku. Yakiwa ya mawese, gramu 27 hadi 30 kati ya hizo ni mgando: mmeshavuka kabla ya kugusa nyama wala maziwa. Yakiwa ya alizeti, ni gramu 7 tu.

Hatua 2: Kagua. Kwa joto la Mwanza mawese yaliyochujwa hubaki maji maji, kwa hiyo macho hayatoshi kuyatofautisha na alizeti. Weka vijiko 3 kwenye chupa ya kioo, ndani ya friji usiku kucha. Mawese huganda au hujaa ukungu mzito. Alizeti humiminika bado. Alizeti ya mashine ndogo huweza kuwa na ukungu mwepesi wa nta, usiitupe. Usitumie friza, majibu yatapotosha.

Hatua 3: Pika dagaa bila kuwazamisha. Nunua wakavu, hata ukiwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Waliokwisha kukaangwa hujui walikaangiwa nini. Robo kilo ioshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, kisha wachuje sana, maana wakiwa na maji hushika sufuria na kuvunjika. Wakaushe kwa moto mdogo dakika 5 bila mafuta, waweke pembeni. Kaanga kitunguu kwa vijiko 2 vya alizeti, tia nyanya, zikiiva rudisha dagaa, acha dakika 10.

Sato mchemshe kwa ndimu na nyanya. Ukilazimika kumkaanga, mafuta yapate moto kwanza; ya vuguvugu hunywewa na samaki.

Hatua 4: Pima tena. Lita ileile sasa idumu siku 6 au zaidi. Isipodumu, angalia mandazi na chapati za asubuhi kabla ya kulaumu mboga.